Naosha vyombo pazia likiwa limefungwa

Shikamoo Mama Mdogo,

Nina miaka 36, nafundisha Hisabati shule binafsi ya sekondari hapa Dar es Salaam. Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga. Mke wangu ni muuguzi. Tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na nusu, mdogo miezi tisa. Kodi ya nyumba na umeme nalipa mimi. Ada ya mtoto na chakula vinatoka kwa mke wangu, na mishahara yetu inakaribiana.

Dada wa kazi aliaga Desemba kwenda kwao Iringa kula sikukuu, akasema atarudi tarehe 5 Januari. Hakurudi, na simu haipatikani. Tangu hapo tupo sisi wawili. Mke wangu akiwa zamu ya usiku, mimi ndiye naamka na watoto, nawaogesha, nakoroga uji, nampeleka mkubwa chekechea na mdogo kwa mama jirani anayelea watoto. Jioni nafua nepi, naosha vyombo, nasonga ugali. Sikuona shida. Nimekaa bweni miaka sita, halafu nikaishi geto Kimara na wenzangu wawili, tukipika kwa zamu. Kazi hizi nazijua.

Ila nina tabia moja. Kabla sijaanza kuosha vyombo nafunga pazia la dirisha la jikoni, maana linatazamana na korido ya wapangaji wenzetu. Zamani mke wangu alikuwa anacheka. Siku hizi hacheki.

Mwezi wa tatu mama yangu alishuka kutoka Kibosho kuja kumwona mjukuu. Mama aliolewa mwaka 1979, ametulea sita, ni mtu wa jumuiya na anaheshimika. Siku ya pili alinikuta uani nafua nepi kwenye beseni. Hakusema neno. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Jioni kaka yangu mkubwa akaja, akaniambia, "Mdogo wangu, umelishwa limbwata." Yeye alisema kama utani. Mama hakutania, alitaka twende nikaombewe.

Mama Mdogo, tangu siku hiyo, wiki tatu zote alizokaa sikugusa kitu. Nikirudi kazini nakaa sebuleni na rimoti. Mke wangu akitoka zamu ya usiku anaanza kupika. Asubuhi moja aliingia saa mbili akiwa bado na sare za kazi, mama na kaka wapo mezani wanakunywa chai niliyoletewa na jirani, na mtoto mdogo alikuwa ametapika sakafuni. Nikasema, "Mama watoto, huyu katapika." Akaweka mkoba chini, akapiga magoti, akafuta. Mimi nikageuza macho kwenye televisheni.

Usiku ule aliniambia, "Nimeolewa na wanaume wawili. Yule wa nyuma ya pazia nampenda. Huyu wa sebuleni simjui." Tangu mama aondoke nimerudia kazi zangu zote, lakini mke wangu ananijibu kwa neno mojamoja. Anasema Pasaka ijayo hapandi Moshi kama mimi sitakuwa mtu mmoja.

Naomba unishauri. Kuna ubaya gani kumsaidia mke wangu faragha, kisha mbele ya wazazi tukaheshimu mila? Mama ni mzee, kwa nini nimuumize? Au kweli nimepoteza uanaume bila kujua?

Baba wa wawili, Tabata

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama palepale, kwenye ndoo iliyopinduliwa na mama yako amekaa juu yake analia. Mkeo ana haki yake na nitafika kwake. Ila niache nianze na mama, kwa sababu nadhani hujajua alikuwa analilia nini, na usipolijua hilo utaendelea kumwogopa bure.

Mwaka 2009 nilikwenda Dodoma kumtembelea mwanangu wa kiume. Nilimkuta anamlisha mtoto uji, kanga ya mkewe kaifunga kiunoni asichafue suruali. Nilimnyang'anya lile bakuli. Nikamgeukia mkwe wangu, mbele ya wageni wake, nikamuuliza, "Kwenu wanaume ndio wanaolisha watoto?" Yule binti hakunijibu. Alipokea bakuli akaendelea kulisha, na mkono ulikuwa unamtetemeka.

Usiku sikupata usingizi. Nilikuwa namwaza marehemu mume wangu. Alikuwa mtu mwema, alifanya kazi reli, mshahara aliuleta nyumbani wote. Lakini mwaka ule nilioumwa taifodi, na watoto watatu wadogo mkononi, alimlipa jirani aje apike, yeye akakaa barazani kusubiri kuitwa chakula. Sikuona kosa, nilimshukuru. Ilinibidi nifike Dodoma, miaka mingi baadaye, nimwone mwanangu na kile kijiko, ndipo nijue kwamba ilikuwa inawezekana. Kama iliwezekana kwa mtoto, iliwezekana kwa baba yake. Kumbe miaka 34 nilibeba peke yangu mzigo ambao ungeweza kubebwa na wawili, na yule wa pili alikuwa amekaa barazani. Hicho ndicho kilichoninyang'anyisha bakuli. Mkwe wangu hakuwa na kosa lolote, na nilichelewa sana kumwambia hivyo.

Siwezi kuuapia moyo wa mama yako. Lakini mwanamke aliyelea watoto sita Kibosho hashangazwi na nepi. Alikuona wewe, damu yake, mikono ndani ya maji ya sabuni, hujafa, hujadharaulika, na mtoto wako anacheka pembeni. Jiulize hesabu gani ilipita kichwani mwake pale. Ameolewa 1979. Wakati ule hata majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wanatofautiana kama kupika, kufua na kulea kunahesabika kuwa mchango wa mke katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mpaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ndipo Mahakama ya Rufani iliposema wazi kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Mama yako tayari alikuwa na watoto mgongoni. Alifanya kazi ambayo hata wasomi wa sheria hawakuwa na uhakika kama ni kazi. Kitu pekee kilichompa heshima ni ile imani kwamba mwanaume hawezi, kwamba bila yeye nyumba ingelala njaa. Halafu wewe ukaonyesha, kwenye beseni moja, kwamba mwanaume anaweza.

Akalishika lile neno limbwata la kaka yako, kwa sababu limbwata ni rahisi kulisema kuliko kusema, "Baba yako naye angeweza."

Kwa hiyo unaponiuliza kwa nini umuumize mama yako, nakujibu kwamba ameshaumia, zamani sana, na si wewe uliyemuumiza. Kukaa na rimoti wiki tatu hakukumponya. Kulimhakikishia tu kwamba kweli kuna kitu cha aibu ulichokuwa unafanya.

Sasa hiyo mila unayotaka kuiheshimu, tuitazame vizuri, maana mimi naipenda mila na sitaki isingiziwe. Kwenu Uchagani wanaume walichimba na kusafisha mifongo, yaani mifereji ya maji, walijenga, kahawa ilikuwa yao, kuchinja na kugawa nyama kulikuwa kwao. Wanawake walikuwa na ndizi, majani ya ng'ombe, kuni, maji, chakula, na kwenda sokoni. Sitakudanganya kwamba mgawanyo ulikuwa sawa. Mwanamke ndiye aliyepanda mlima na mzigo wa majani kichwani na mimba tumboni. Lakini kila upande ulikuwa na kazi yake ya kuutoa jasho, na upande wa wanawake haukuwa na mtu mmoja. Palikuwa na mama mkwe, mawifi, binti wa shangazi, watoto wa kike wakubwa, na majirani wa ukoo uleule kwenye vihamba vya pembeni, yale mashamba ya migomba ya ukoo.

Wewe umehama. Tabata hakuna mfongo wa kusafisha. Kahawa hakuna. Nyumba amejenga mwenye nyumba. Kodi unalipa, sawa, na mkeo naye analipa ada na chakula. Kazi za babu zako zilibaki mlimani. Kazi za bibi zako zilipanda basi pamoja na mkeo, na wale wanawake wengine waliokuwa wakizigawana hawakupanda. Mwanamke mmoja anafanya sehemu ya wanne, kisha anaingia zamu ya usiku kuuguza watu, na sisi tunaiita hiyo mila. Bibi zako wakifufuka leo watashangaa tumeitoa wapi.

Hapa nataka nikae kidogo kwa yule dada wenu. Tulichofanya wengi mijini ni kumtafuta binti wa kijijini, tukamweka peke yake mahali pa wale wanawake wanne. Umeniandikia kwamba hakurudi. Hukuniandikia ana umri gani, alikuwa analala saa ngapi, analipwa kiasi gani, na kama aliwahi kupata siku ya mapumziko. Ndoa nyingi hapa mjini zina amani kwa sababu kuna mtoto wa mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri. Akiondoka ndipo mume na mke wanapoonana. Mkimpata mwingine, yaangalieni hayo kabla hajafungua begi lake.

Kuhusu uanaume, tembea hapo kwenu jioni. Anayekaanga chipsi ni mwanaume. Anayechoma mishkaki ni mwanaume. Dobi ni mwanaume, anafua na kupasi mpaka sketi za wanawake asiowajua. Ukienda kwenye harusi za Pwani, kwenye yale masufuria makubwa ya pilau mara nyingi utakuta wanaume wamesimama na miiko. Vijana waliopita JKT wamedeki na kufua. Wewe mwenyewe Kimara ulikuwa unapika, na hakuna aliyesema umelishwa kitu, kwa sababu hapakuwa na mke wa kusingiziwa. Kumbe kazi yenyewe haijawahi kumpunguza mtu. Kinachowasumbua watu ni kuifanya bure, kwa ajili ya mwanamke unayempenda, na waone.

Na hilo neno limbwata, mwanangu, usiliache lipite kama utani hata likisemwa na kaka. Linamwita mkeo mchawi. Na wewe linakunyima akili, kwamba huwezi kumhurumia mtu aliyekesha wodini mpaka uwekewe dawa kwenye mchuzi. Mama yako ni mtu wa jumuiya. Analijua lile simulizi la mwisho la Injili ya Yohana, Yesu mfufuka yuko ufukweni, moto wa makaa umeshawaka, samaki na mkate tayari, anawaita wanafunzi waje wale. Aliyepika ni yeye. Jirani zako Waislamu nao wanayo ya Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Nakupa haya ya kukutuliza wewe. Usiende kumpigia mama nayo, Maandiko si fimbo ya kumchapia mzazi.

Sasa mkeo.

Umeuliza kuna ubaya gani kufanya kazi faragha. Ubaya upo, na sidhani umeuona. Unapofunga pazia, ile aibu haiishi, inahamia kwake. Wapangaji wa koridoni wanawaona watoto wasafi na nyumba safi, wanasema mama yule ni hodari, lakini akichoka siku moja nyumba ikavurugika, hakuna atakayesema baba yule mvivu. Mama yako alipokukuta na beseni, wa kulaumiwa alikuwa mkeo. Ulipokaa na rimoti na vyombo vikajaa, wa kulaumiwa alikuwa mkeo tena. Kwa vyovyote vile wewe ulitoka na jina lako zima. Unalilinda jina lako kwa kulitumia la kwake, na yeye ameliona hilo siku nyingi. Ndiyo maana aliacha kucheka.

Asubuhi ile ya matapishi nimeirudia mara nyingi kichwani. Mtu ametoka kusafisha matapishi ya wagonjwa usiku kucha, kwa mshahara, na wagonjwa angalau wanasema asante nesi. Anafika kwake, anakuta mengine yamemsubiri, na baba wa mtoto amekaa hatua tatu kutoka pale. Hukushindwa kufuta sakafu, ungefuta kwa dakika moja. Ulichoshindwa ni kuonekana upande wake. Lile neno lake la wanaume wawili lilikuwa la upole kuliko ulivyostahili siku ile, na mwanamke anayesema kwa upole hivyo bado anakupenda. Akifika mahali pa kunyamaza kabisa, barua yako itakuwa nyingine.

Nikuambie la kufanya.

Pazia lifungue leo. Usimtangazie mkeo kwamba umelifungua, na usisubiri sifa. Osha vyombo, watu wapite koridoni, wakikusalimia wasalimie. Wiki ya kwanza utasikia joto masikioni. Ya pili watakuwa wameshazoea, watu wana yao ya kuwaza.

Muombe msamaha kwa jambo moja lenye jina. Usimwambie "samahani kama nilikukosea." Mwambie, "Asubuhi ile nilikuona umepiga magoti, nikageuza macho. Niliona aibu mbele ya mama na kaka, nikakutupia wewe." Halafu nyamaza, aseme yake. Anaweza kukuambia mengine usiyoyajua, ya kabla ya mama kuja. Usijitetee kwa kutaja uji na nepi. Hizo ulikuwa unafua kwa ajili ya watoto wako, si deni alilonalo kwako. Na lile neno "kumsaidia" uliloniandikia, ulitazame tena. Mdogo alipozaliwa, sheria ya ajira ya 2004 ilimpa mama yake likizo ya siku 84, na wewe angalau siku 3. Hata serikali ilikuhesabu kama mpita njia. Usikubali kuwa hivyo nyumbani kwako.

Kaka mpigie wewe mwenyewe. Maneno machache: mke wangu hajanipa kitu, nafua kwa sababu nepi ni za mwanangu, na neno lile sitaki kulisikia tena kwangu. Ni mkubwa wako, mpe heshima yake, shikamoo itangulie, lakini lisemwe. Mkeo asiachiwe kujitetea kwa shemeji zake wakati wewe upo.

Kwa mama usimalizie kwenye simu. Usisubiri Pasaka pia. Likizo ya mwezi wa sita panda Kibosho peke yako, au na mkubwa ukiweza, mkeo apumzike. Na ukifika usiseme "mke wangu amesema." Ukisema hivyo umemrudisha mkeo kwenye kikaango. Kaa na mama jikoni kwake, mahali ambapo nadhani hujakaa tangu ukiwa mdogo. Muulize maswali. Alipokuzaa wewe, nani alimpikia? Ng'ombe nani aliwakatia majani siku hizo? Kuna siku aliumwa, ikawaje? Muulize kama mtu anayetaka kujua, umwache aongee, hata akilia. Nina hakika hakuna mtoto kati ya wale sita aliyewahi kumuuliza. Mimi wangu hawakuniuliza mpaka nilipozeeka, na aliyeniuliza kwanza ni yule mkwe wa Dodoma.

Inawezekana asibadilike. Inawezekana aseme bado kwamba mwanaume hafui nepi. Mwitikie, "Nimekusikia mama," na ukirudi Tabata ufue. Mzazi anaweza kukukatalia jambo na bado mkaendelea kupendana.

Kabla hujashuka, muombe kitu kimoja. Kwenu mama aliyejifungua hulishwa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na mama mkwe ndiye huusimamia. Mwambie mama kwamba mkeo alirudi kazini mapema, hakushiba mtori, na ungependa akufundishe kuupika vizuri ili umpikie. Nenda mwenyewe kihambani, kata mkungu atakaokuonyesha, kaa chini umenye ndizi mpaka utomvu uweusishe vidole. Atakukosoa jinsi unavyoshika kisu. Atakuambia nyama umeikata vibaya, na kwamba unakoroga kama mtu anayechanganya simenti. Akifika hapo mwache akukosoe, usiondoe mikono kwenye sufuria.

Mama Mdogo